Kete Aliyoikataa Mama

"Kula! Lazima ule!" Shangazi Damari alishasimama, kidole kwenye kibao cha drafti.

"Sili! Toa kete yangu tuendelee!" Mama naye juu.

Mimi nipo kwenye kigoda, jasho linanitoka. Maana walikuwa wananichezea mimi. Shangazi kanipatia kibarua reli, huko kwake Manyoni, naanza Jumatatu. Mama hataki. Anasema nimemaliza darasa la saba, nibaki Sepuka nilime shamba la kijiji kama wenzangu. Wamebishana siku mbili, mwisho mama akasema, wifi, lete vifuniko vya soda. Michezo mitatu, mshindi ndiye anaamua. Kila mtu kashinda mmoja. Huu wa mwisho.

Sasa shangazi kamtegea. Kamsogezea kete moja mdomoni. Mama akiila tu, shangazi anakula tatu, anaingia kingi, mchezo umekwisha. Mama kaiona, kaipita kama haipo.

Kwetu Sepuka usipokula unarudishwa ule. Manyoni, kwa watu wa reli, kete yako inatolewa tu, mchezo unaendelea. Yaani siku hiyo mama anadai sheria ya Manyoni, shangazi anadai ya Sepuka!

"Si ndivyo mnavyocheza nyie watu wa treni?" mama anasema.

"Wifi, usinichekeshe. Isaka, ulikuwepo. Tulikubaliana tunacheza ya wapi?"

Nilijua. Mama mwenyewe alitamka asubuhi: kwangu, sheria yangu. Lakini nikisema mimi, maisha yote ataona nilimuuza kwa ajili ya reli. Nikaangalia miguu yangu.

Mama akaniangalia weee, halafu akasonya.

"Muache mtoto. Ni mimi nilisema."

Akaila ile kete. Shangazi akala tatu, akaingia kingi. Mama akakodolea kibao, mara akaanza kucheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

"Mchawi wewe, wifi! Haya, mchukue."

Nilihisi kama nimetuliwa gunia la mtama kichwani.

"Asante, mama."

"Asante ya nini? Nenda kamuage balozi wa nyumba kumi, asije kusema umetoroka kijiji. Na uwahi, kabla sijabadilika."

Nikainuka mbio. Nyuma yangu vifuniko vinapangwa tena, mama anasema, "Kaa hapo. Safari hii tunacheza ya Manyoni."

Nikatoka, nikafunga mlango.