Mama wa Kitabuni

Wakala! Nyawech alikuwa na wakala wa vitabu, mwanamke wa Nairobi ambaye kazi yake ni kuwasumbua wachapishaji kwa niaba yake. Tangu asubuhi Nyawech alikuwa amemtangazia kila aliyefika kwenye kibanda chake cha kuchaji simu pale kwenye kambi ya Mangateen. Nusu yao walidhani anaolewa.

Na kusema kweli, yeye mwenyewe alilichukulia jambo hilo hivyo hivyo. Katika ukoo wao, binti anayeposwa habishani na wageni. Wajomba humsemea, na wakimgeukia akanyamaza wanajua la kufanya: waendelee kuvutana, bado hajaridhika.

Kwa hiyo Teresina, yule wakala, alipopiga simu akisema, "Wamekipenda! Ila wanataka mama afe mwishoni, wasomaji walie," Nyawech alinyamaza kimya. Ajabu gani hiyo? Mama wa kitabuni alikuwa mama yake mwenyewe, aliyembeba mgongoni mpaka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na ambaye dakika hiyo alikuwa nje akikaanga mandazi na kugombana na jirani.

Saa nane ujumbe ukaingia: "Asante kwa kukubali. Nimewaambia mama atakufa. Mkataba unakuja kesho!"

Kukubali? Nani kakubali? Kitabu kilimla miaka sita, na wachapishaji wanne walishakikataa. Akimuudhi huyu wa tano, basi tena. Alishika simu, akaiweka, akaishika tena. Nje mama yake akaangua kicheko, kile chake cha kusikika mtaa mzima.

Akapiga.

"Dada Teresina, mimi sikukubali. Nilinyamaza."

"Si ni kitu kimoja?"

"Kwetu ukinyamaza umekataa. Mama hafi."

"Aki Nyawech, hawa watu wanaweza kujitoa."

"Wajitoe. Kwani wewe ni wakala wangu ama wao?"

Teresina akashusha pumzi, halafu akacheka. "Walahi, umenikumbusha kazi yangu. Ngoja niwapigie."

Nyawech alitoka nje furaha imemjaa, ingawa huenda hakuwa tena na mchapishaji.

"Wamesemaje?" mama yake akauliza, akimpa andazi la moto.

"Bado hawajasema," Nyawech akajibu. "Ila mimi nimesema."