Namba Arobaini na Moja, Jikoni

Boti ya saa nne asubuhi ilishusha wageni ishirini na sita. Fundi cherehani alishuka wa mwisho, kwa sababu alibeba shuka mbili alizozishona mwenyewe na hakutaka zikunjike. Kisiwani hakukuwa na gari hata moja. Mizigo ilisukumwa kwa mikokoteni, na ukimya ulikuwa mzito kiasi kwamba mtu akipiga chafya mtaa huu, anaombewa afya mtaa wa tatu. Wageni waliusifu ukimya huo. Fundi alikumbuka kelele za hapo zamani, kabla familia zote hazijahamishiwa ng'ambo ili nyumba zao zitunzwe vizuri.

Mlangoni pa nyumba alimozaliwa, mlinzi, ambaye zamani alikuwa jirani yao, alimgongea muhuri mkononi kama mgeni mwingine yeyote.

"Umenenepa, dada."

"Na wewe umezeeka, kaka. Mama hajambo?"

"Yupo. Jana kanigombeza, eti nafagia kama napaka rangi."

Mama alifariki miaka sita iliyopita, katika chumba cha kupanga, mwezi wa nne baada ya kuhamishwa. Walimzika Ijumaa. Jumatatu alikuwa amesharudi jikoni kwake, akiwa na gauni lake la kushindia. Siku hiyo hiyo karani wa ofisi ya urithi wa kale alifika kuorodhesha vitu vya nyumba. Alikuwa mtu makini, asiyeruka kitu. Mchi ulipata namba thelathini na tisa, kinu arobaini, mama arobaini na moja. Kibati chake cha namba kilifungwa kwa uzi mkononi.

Kanuni ilikuwa moja: kila kitu kibaki katika chumba kilimoandikwa. Kitanda cha mama kiliandikwa chumbani, hatua tisa kutoka jikoni. Mwaka wa kwanza alijaribu kwenda kulala, lakini kila alipovuka kizingiti alijikuta amesimama tena kando ya kinu. Tangu hapo hajalala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Mashavu yameingia ndani." Mama alihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. "Miguu yangu inawaka moto."

Fundi alimgeukia mlinzi, aliyekuwa amemfuata hadi jikoni. Alikuwa ameiandikia ofisi barua tatu, akiomba mama ahamishiwe chumbani. Mlinzi alitoa bahasha mfukoni, akamsomea polepole.

"Ofisi inakushukuru kwa kujali urithi. Namba arobaini na moja ni ya jikoni. Kuihamisha kutapotosha historia ya nyumba."

"Basi kiti tu, kaka. Aketi."

"Viti ni vya sebuleni."

"Sakafuni je?"

"Sakafu nayo ina namba, dada." Alisema hivyo akiangalia viatu vyake.

Mama hakuonekana kushangaa. "Nenda hata ukanitandikie," alisema. "Halafu ulale kidogo, nijue kama kitanda bado kinalia upande wa ukutani."

Fundi akaenda chumbani. Mlinzi aligeuka asimwone, akasoma bango la maelezo ambalo alilijua kwa moyo. Godoro lilikuwa limeondolewa, kwa kuwa halikuwa la kale, na zilibaki mbao tupu. Fundi alizitandika shuka juu ya mbao, akachomekea pembe zote nne kama alivyofundishwa, akavua viatu, akalala akielekea ukutani. Alijigeuza taratibu. Kitanda kililia. Kisiwa kilikuwa kimya, kwa hiyo mama alisikia.

"Ndicho," alisema kutoka jikoni. "Godoro umeligeuza?"

"Nimeligeuza, mama."

"Laini?"

Ubao ulikuwa ukimchoma fundi begani. "Laini sana."

Mama aliegemeza kiganja ukutani, akafumba macho. Fundi akaendelea kujigeuza, mara huku, mara kule, kama mtu anayetafuta upande wa usingizi, na kila mara kitanda kilipolia, mabega ya mama yalishuka kidogo. Ilipita kama robo saa hivi. Pumzi za mama zilikuwa zimeanza kuwa ndefu.

Kisha wageni waliingia jikoni, wakajipanga nyuma ya kamba, wakanyamaza kwa heshima. Mlinzi alimsogelea mama, akainama karibu na sikio lake.

"Mama, samahani," alisema kwa sauti ya chini. "Kwenye orodha wameandika uko macho."

Mama akafumbua macho.