Daktari Machibya Mwaka wa Kwanza

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Nilimwapia hivyo hivyo Nestory, kinyozi wangu wa Igogo: "Ukikuta humu chembe ya uongo, redio yangu chukua." Na redio ile hushika hata stesheni zilizokwisha kufungwa.

Mjukuu wangu Apiyo anasoma sayansi ya kompyuta, mwaka wa tatu. Mwezi jana alirudi macho mekundu: hatavaa joho na wenzake. Amekosa somo moja, Hisabati ya Pili, la mwaka jana. Sasa wa kumwongoza kuchagua masomo si mshauri wake, Daktari Machibya? Nikaapa atanitambua. Mimi nimetengeneza injini za meli miaka thelathini, na kompyuta nimejifundisha mwenyewe.

"Machibya husaini fomu bila kusoma," nilimwambia Nestory, "simu sikioni, kalamu inatembea yenyewe. Nikachapa fomu steshenari, nikaichomeka kwenye rundo lake: Machibya anaomba kusajiliwa mwaka wa kwanza. Akasaini! Jumatatu jina likaitwa darasani. Jaribio la kwanza, nane kwa mia. Anataka kujitoa, anaambiwa lete saini ya mshauri wako. Mshauri nani? Machibya! Siku tatu kakaa benchi la mlangoni kwake mwenyewe, na katibu wake anamjibu, 'Daktari yupo kikaoni, rudi kesho.' Nami pembeni natafuna karanga: 'Pole, mwanafunzi. Ndivyo Apiyo alivyokaa.'"

Nestory alicheka mpaka mashine ikachora barabara kwenye kichwa cha mteja.

"Shikamoo, Babu."

Apiyo, mlangoni. Shikamoo ile ilikuwa na meno.

"Marahaba, mama. Nilikuwa namweleza Nestory..."

"Nimesikia. Mweleze na hili. Daktari alinirudishia fomu mara mbili, kaandika kwa wino mwekundu: chukua Hisabati ya Pili. Nikaiandika, akasaini. Nani akasema atanipelekea masijala, njiani akaifuta akaandika somo la michoro?"

"Kompyuta inajumlisha yenyewe, mjukuu wangu. Hisabati ya nini?"

"Na nani kamwandikia mkuu wa idara kwamba Daktari hana hata shahada? Sasa anachunguzwa, haruhusiwi kusaini kitu. Somo hilo naweza kulisoma muhula huu na joho nikavaa, ila fomu zinafungwa Ijumaa. Leo Jumatano, Babu."

Nestory akanyoosha mkono, akaichukua redio mapajani mwangu, akaizungusha mpaka ikashika taarab.

"Inashika vizuri, Mzee Ogweno," akasema.

Alhamisi asubuhi nilikuwa kwa mkuu wa idara, nikaifuta barua yangu. Kisha nikakaa benchi la mlangoni kwa Machibya, barua ya radhi mkononi. Katibu akasema Daktari yupo kikaoni. Na kweli alikuwa kikaoni, kile nilichomtengenezea mimi.

Saa tisa akatoka, amerudishiwa ruhusa ya kusaini. Akaniamkia kwa adabu, akaisoma barua yangu neno kwa neno, akatoa kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya "kama niliteleza popote."

"Andika upya, mzee. Taja kosa."

Nikaandika upya, pale pale gotini: nilifuta somo kwenye fomu, nikasingizia mtu. Akasoma tena. Ndipo akavuta kwenye faili lake fomu mpya ya Apiyo, akaisoma nayo mpaka chini, akasaini.

"Masijala," akasema, "aipeleke mwenyewe."