Kibandiko Chekundu cha Kyllikki

Kyllikki Rautio hakumwamini mtu anayepiga mluzi kazini, na Taisto Lehtovaara alipiga mluzi kutwa. Kwa hiyo Jumatatu baada ya juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, alipofungua ofisi yake na kukuta kibandiko cha boksi la dirishani kimegeuka chekundu, moyo ulimdunda kwa furaha.

"Leo nimekukamata," alisema peke yake.

Boksi hilo aliliweka mwenyewe Alhamisi, kabla watu hawajakimbilia vibanda vyao vya ziwani. Kibandiko chake kilikuwa cha njano, na pale kazini njano maana yake bado. Mifupa iliyotolewa na marehemu husagwa, hufungwa kwenye maboksi, kisha hupitishwa kwenye chumba cha mionzi ili vijidudu vife. Kibandiko kikipigwa na mionzi hugeuka chekundu. Ya njano hukaa upande mmoja wa ukuta, mekundu upande wa pili, tayari kwenda kwa madaktari wa upasuaji. Taisto huendesha chumba cha mionzi na kuandika karatasi ya vipimo, Kyllikki hukagua na kutia saini. Kazi nyepesi, ukipata mwenzako mwaminifu.

Taisto, kwa macho ya Kyllikki, hakuwa mwaminifu. Alitokea kiwanda cha samaki, na aliongea huku anatazama viatu vyake. Jumatano iliyopita aliandika maboksi kumi na saba, wakati upande wa mekundu yalikuwepo kumi na manane.

"Umesahau moja," Kyllikki alimwambia siku hiyo.

"Nilipitisha kumi na saba, mama."

"Na hili? Limejipitisha lenyewe?"

"Muulize aliyelileta huku."

Jeuri ya mtu! Kyllikki aliikata ile kumi na saba, akaandika kumi na nane kwa kalamu yake, akatia saini. Karatasi imeandikwa na mtu mwenye haraka ya kwenda kuvua samaki. Jicho lake yeye halikuwa na haraka, na lilikuwa limeona nyekundu. Boksi la kumi na nane likapelekwa hospitali ya Oulu, kwa msichana wa miaka kumi na mmoja aliyepinda mgongo, apasuliwe Jumatatu.

Kesho yake akamtega. Mzigo ulikuwa wa maboksi kumi na mawili. Alichomoa moja kimyakimya, akaliweka dirishani kwake, akafunga mlango kwa ufunguo. Taisto akiandika kumi na mawili, ni mwongo. Taisto aliandika kumi na moja. Na sasa lile lililofichwa lilikuwa jekundu! Kyllikki aliona njia moja tu: bwana huyu ana ufunguo wa pili, amelichukua, amelipitisha kwenye mionzi na kulirudisha ili amfanye mjinga.

Alimkuta kwenye chumba cha kahawa, akalitua boksi mezani.

"Ufunguo uko wapi?"

"Ufunguo gani tena, asubuhi yote hii?"

"Wa ofisi yangu. Usijitie hujui."

"Mama Kyllikki, juhannus nzima nilikuwa ziwani nang'atwa na mbu. Muulize mke wangu, alinichoka mpaka akanihamishia kwenye sauna."

"Basi niambie, nani kalipitisha hili?"

Taisto alikitazama kibandiko, akauliza boksi lilikuwa wapi. Dirishani, alijibiwa. Akageuka kulitazama jua la nje, ambalo huko kaskazini lilikuwa halijatua tangu wiki iliyopita. Akavuta droo ya vibandiko, akabandua kimoja cha njano, akakibandika kwenye kioo kinachoelekea jua.

"Kaa tunywe kahawa," alisema.

Kyllikki alikaa, ila kahawa ya Taisto hakuigusa; aliishuku hata sukari yake. Kikombe cha kwanza cha Taisto kiliisha na kibandiko bado cha njano, Kyllikki akatabasamu. Cha pili hakijaisha, kibandiko kikaanza kuwa rangi ya karoti. Akainuka, akakisogelea mpaka pua ikagusa kioo.

"Mimi huvifungia gizani," Taisto alisema. "Jua kali linavibadilisha nalo. Ndiyo maana tuna karatasi."

Aibu ilimwaka Kyllikki masikioni. Alikuwa bado anatafuta namna ya kuomba radhi bila kuomba radhi, Taisto alipouliza, polepole:

"Lile la kumi na nane ulilitoa wapi?"

Alijua alilitoa wapi. Jumanne alilikuta upande wa njano, limekaa chini ya dirisha refu, lenyewe jekundu kati ya wenzake. Akasema moyoni, ona uzembe wa Taisto, amelirudisha pasipo pake. Akalibeba kwa mikono yake mwenyewe hadi upande wa pili, na hakumwambia mtu, maana alikuwa akiweka akiba ya makosa ya mwenzake.

Saa tatu na nusu. Simu ya Oulu ililia mara sita kabla nesi hajapokea.

"Msichana wa mgongo," Kyllikki alisema, "ameshaingia?"

"Yuko mezani tangu saa mbili. Kuna nini?"

"Boksi la mfupa. Msiliweke! Nakuomba, kamwambie daktari asiliweke."

Simu iliwekwa chini, hatua zikakimbia. Kyllikki alishika ukingo wa meza. Hakuwahi kuogopa vile maishani mwake. Nesi akarudi akihema.

"Wamelifungua, bado hawajaliweka. Daktari anataka jibu moja: lilipitishwa kwenye mionzi au halikupitishwa? Hapa kuna karatasi, namba imekatwa na kuandikwa upya."

Taisto alikuwa amesimama kando. Neno moja la Kyllikki, "alisahau", lingetosha kumwangusha yeye.

"Halikupitishwa," Kyllikki alisema. "Namba iliyokatwa ndiyo ya kweli."

"Nani aliikata?"

Akataja jina lake, na nesi alipomwambia simu haisikiki vizuri, akalirudia kwa sauti kubwa, herufi moja moja, mpaka lote likaandikwa.