Maporomoko ya Mawifi

Mama Vitanda alikuwa na nyumba ya wageni upande huu wa mto. Ng'ambo, nchi nyingine kabisa, wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa na ya kwake. Katikati palikuwa na daraja, kizuizi cha mpaka, na maporomoko ambayo kila mmoja aliapa yanapendeza zaidi kwake. Watalii wenyewe walikuwa wa kuokoteza, na hao hao ndio waliogombaniwa.

Asubuhi moja kikaingia kikundi kilicholala ng'ambo. Kabla ya kutua begi, mama mmoja wa kofia pana akainua godoro na kuchungulia.

"Umepoteza kitu, mgeni wangu?"

"Natafuta kunguni. Tumeambiwa wa huku wamenona."

Mama Vitanda hakuuliza nani kasema. Alijifunga kanga kiunoni, akapita chini ya kizuizi huku afisa uhamiaji akibaki na muhuri hewani. Wageni nao, kwa kutotaka kupitwa, wakamfuata mbio.

Wifi alikuwa akianika mashuka.

"Wifi! Kunguni wangu uliwaona lini?"

"Siku ile uliyowaambia wageni wangu kwamba nyani wa huku wanaiba miwani!"

"Kwani hawaibi?"

"Waliiba miwani moja tu, tena mbovu!"

Hapo yakafumuka yote, mpaka ya harusini.

"Hata upinde wa mvua unatokea kwangu!" wifi akafoka.

"Unatokea kwako, lakini kuuona ni mpaka uje kwangu!"

Mama wa kofia akauliza kwa upole, "Kwa hiyo anayelala upande mmoja ameona nusu?"

Wifi ndiye aliyeangua kicheko kwanza. "Kaka yangu angekuwepo, angetufungia nje sote wawili."

Afisa akafika akihema. "Rudini wote mkagongewe mihuri!"

Walirudi, wakagongewa, na wageni wakaipiga picha mihuri yao kwa furaha. Jioni ile mawifi walikaa jikoni wakapatana: mgeni alale huku, chai akanywe kule, na mashuka wafue pamoja.

Siku hizi afisa hapati hata wasaa wa kusinzia. Na wageni wakifika huuliza ugomvi unaanza saa ngapi.

"Sisi hatugombani kwa ratiba," Mama Vitanda huwajibu, kakasirika kweli.

Lakini juzi wifi alipaza sauti toka ng'ambo kuhusu mapazia yake mapya, na kunyamaza kukamshinda Mama Vitanda.