Upande wa Pili wa Ng'ombe

Kila nilipofungua tovuti yangu kwenye simu, kisanduku cha habari na matukio kilinionyesha mikutano ya Nairobi, Dar es Salaam na miji nisiyoijua. Jumanne ile kiliandika mkutano wa kwetu: Tarime, Nkende, Jumamosi saa nne asubuhi. Nikabandika chai, nikasahau majani.

Programu ninayotumia ni huria. Hutolewa bure, na watumiaji wake hukutana kufundishana. Mimi nilijifunza peke yangu, nikaanzisha ukurasa wa ng'ombe waliopotea. Watu hunitumia ujumbe, nami huandika. Programu iliniita Msimamizi, nikajibanza ndani ya jina hilo kama kuku chini ya ghala mvua ikinyesha. Hata dada yangu hakujua.

Ukumbini tulikuwa kama thelathini. Kwenye karatasi ya mahudhurio niliandika Bernadetha, nikaruka sehemu ya elimu. Niliacha shule darasa la tano ili nichunge. Nilitamani mno kuwa mmoja wao, ila niliogopa kuulizwa nimesoma hadi wapi. Nikakaa nyuma kabisa.

Mkufunzi alikuwa Imrani, fundi wa tovuti kutoka Mugumu. Alionyesha ukutani kurasa za wenyeji, na kila mwenye ukurasa alisimama akapigiwa makofi. Kisha ukaja wangu.

"Huu unasomwa hadi Migori," alisema. "Lakini tazameni, maneno matupu! Hakuna picha hata moja. Mwenyewe ni nani?"

Niliinama kufunga kamba za viatu.

"Mwalimu." Mzee mmoja alisimama akiegemea fimbo. "Naitwa Heche. Tovuti sina. Nimekuja kumtafuta huyo Msimamizi. Hebu weka picha ya ng'ombe hapo."

Imrani akaweka.

"Upande wa pili ana nini?"

Imrani alikuna kichwa. "Upande wa pili... ni ng'ombe pia, mzee."

Ukumbi uliangua kicheko. Heche alingoja kiishe.

"Mtamba wangu mwekundu alipotea mwezi wa nne. Ng'ombe wekundu wamejaa Tarime nzima. Msimamizi akanitumia maswali, mjukuu akanisomea. Baka liko ubavu gani? Sikio lipi lina pengo? Akitembea anautupa mguu upi? Akaandika yote. Mtu wa Sirari akamwona katikati ya kundi, akamjua kwa mwendo tu. Msimamizi huyo ni mwanamume aliyechunga, na akachunga kwelikweli. Nimemletea maziwa."

Akainua kibuyu. Watu waliwageukia wanaume wa safu ya mbele, mmoja baada ya mwingine, nao wakatikisa vichwa. Wa mwisho hakutikisa. Alianza kutabasamu, kama anayefikiria kukubali.

"Ni mimi," nikasema, na nikajikuta nimesimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alinipima kwa macho toka kichwani hadi miguuni. "Wewe ulichunga wapi?"

"Nyangoto. Ng'ombe wa baba, miaka sita."

"Mtamba wangu anautupa mguu upi?"

"Wa nyuma, wa kulia. Akiteremka tu. Akipanda hautupi."

Heche alicheka hadi fimbo ikamponyoka. Alikuja mwenyewe hadi nyuma, akanikabidhi kibuyu kwa mikono miwili. Makofi yalilia, nami sikujua niweke wapi uso.

"Njoo mbele utufundishe," Imrani akasema.

"Mimi sijui kufundisha."

"Basi usifundishe!" alidakia Mama Awiti, muuza vitenge wa Nyamisangura. "Ndama wangu hajarudi tangu juzi. Niulize mimi."

Nikaenda mbele, kibuyu kwapani.

"Anatembeaje?"

"Anatembeaje! Anatembea kama ndama."

"Nionyeshe."

Mama Awiti alimpa Imrani mkoba wake aushike. Akakaza kitenge kiunoni, akanyoosha shingo, akaanza kupita kati ya viti kwa madaha, akidunda kidogo kila hatua ya tatu. Watu walicheka huku wakivuta miguu kumpisha.

"Polepole kidogo, mama," nikamwambia, nikiandika. "Hapo, hapo. Rudia."