Miche ya Podo ya Tusekile

"Jumamosi nakuja na jembe," Ackson alimwambia Tusekile, mjane wa kaka yake. "Hivyo vimti vyako uwe umeshaviondoa. Hapa napanda parachichi."

Parachichi! Kinyala nzima imeingiwa na wazimu wa parachichi, watu wanang'oa hadi migomba ya bibi zao. Kiwanja ni cha ukoo, sawa, Tusekile hakubishi. Lakini miche ile ni podo, mti wa asili wa msituni, na mti mama, wa mwisho bondeni kwao, uliangushwa ukapasuliwa mbao. Mbegu alizookota chini yake, za kwanza alizianika juani mkekani kama maharage, zikafa zote, akalia kama mtoto. Zilizobaki akazifukia zingali mbichi, akazisubiri mpaka majirani wakamcheka. Ndizo hizi.

"Vipeleke msituni huko, shemeji," Ackson alisema. "Kwani utakula podo?"

"Na wewe hizo parachichi unakula? Si zote zinapanda lori!"

Ijumaa asubuhi alibeba viriba vyake vya miche, akaingia migombani alikozikwa mzee Nsajigwa, baba yake Ackson. Kwa Wanyakyusa mkamwana hamkaribii baba mkwe. Enzi za uhai wake, Tusekile akisikia tu kikohozi cha mzee njiani, alijitosa kwenye mibuni. Uso wake hakuwahi kuuona vizuri. Leo akapiga magoti kichwani pa kaburi lake.

"Unisamehe, baba," alisema. Halafu akajikasirikia kwa kuomba msamaha, akachimba. Akaipanda yote kulizunguka kaburi, maana kwao kilichopandwa kaburini hakiguswi.

Jumamosi Ackson alikikuta kitalu kitupu, akatabasamu. Kisha akatazama migombani.

"Weee! Umekanyaga kaburi la baba? Wewe, mkwe wake?"

"Nimekanyaga."

"Ng'oa!"

"Sing'oi ng'o! Jembe unalo, shemeji. Anzia hapo kichwani kwa baba yako, watu wakuone."

Na watu walikuwapo. Majirani waliokuwa wakipalilia viazi walisimama wima, hakuna aliyejificha. Ackson aliliinua jembe hadi begani. Jasho likamtoka. Akalitazama kaburi, kisha akalishusha jembe taratibu na kuvua kofia.

Tusekile aliokota ndoo yake.

"Basi nipishe," alisema. "Miche haijanywa maji leo."